Jina Nililolitangaza Embu

Siku mliponiaga kwa chai na keki pale kituoni, msemaji wenu alisimama akasema kwamba katika miaka yote ya kuendesha mashindano ya maneno, Madam Karimi hakuwahi kutangaza tokeo lisilo la kweli. Mlipiga makofi. Mimi nilitazama sahani yangu, na keki ikanikwama kooni hata mmoja wenu akanipigapiga mgongoni. Mlidhani nimezidiwa na furaha. Ilikuwa aibu. Ndiyo maana nimekaa kuandika: mnaorithi zile programu mjue zilitoka wapi na nani alinifunza kazi, na mjue kilichompata mtu huyo mikononi mwangu.

Sitasimulia vyeo. Nilivyopata vilichelewa kama mvua ya Mbeere kwenye ukame. Mshahara mnaujua, kwa kuwa ndio huo huo mnaopokea ninyi sasa.

Niliajiriwa kuchapa mitihani. Kituo chetu cha walimu hapa mjini Meru kilikuwa na kompyuta moja, nayo ilifunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kama redio ya sebuleni kwa mtu. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kukunja kile kitambaa. Kabla sijamaliza wiki, mlango ukafunguliwa na mwanamume mrefu mwenye kofia ya sufu, amebeba boksi la viatu kwapani kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba mayai.

“Wewe ndiye mtu wa mashine?” akauliza.

“Ndimi, Mwalimu.” Sikumjua, lakini mtu wa namna ile hakuweza kuwa kitu kingine ila mwalimu.

“Basi nitolee watu wangu ndani ya hili boksi.”

Huyo ndiye Mwalimu Nyaga wa Kianjokoma, upande wa Embu, aliyefundisha Kiswahili katika shule za sekondari. Ndani ya boksi mlikuwa na kadi, kila moja na jina la mchezaji. Alikuwa ameanzisha ligi ya mchezo wa maneno kwa Kiswahili, wa kuvuta vigae vyenye herufi kutoka mfukoni na kuvipanga ubaoni vikawa maneno yenye alama. Waliocheza walikuwa walimu, makarani, wauza duka, mafundi cherehani, kutoka Meru na Embu. Vigae alichongewa na seremala, kwa sababu vya dukani vina Q na X, ambazo kwetu ni wageni wasio na kiti, na A zake huisha kabla ubao haujafika nusu.

Kiswahili sote wawili tulikikuta shuleni. Nyumbani kwake ni Kiembu, na kwetu Kaaga ni Kimeru. Mtu wa Pwani akisikia ligi ya Kiswahili imeanzishwa na Mwembu na kutunzwa na Mmeru atacheka, naye atakuwa na haki. Mwalimu alikuwa na jibu lake: “Aliyenunua ng’ombe humjua kuliko aliyemrithi.”

Tatizo lake lilikuwa kupanga nani acheze na nani. Katika mashindano yetu mshindi hukutana na mshindi, aliyeshindwa na mwenzake, na wawili waliokwisha kukutana hawarudiani. Mwalimu alizipanga kadi mezani baada ya kila raundi, na kila mtu aliyefungua mlango alileta upepo. Katika mashindano fulani kule Runyenjes upepo ulimpandisha fundi cherehani mmoja hadi nafasi ya pili, na fundi akakataa kushuka.

Nikaandika programu. Nilijifunzia kwenye kitabu kilichokosa kurasa za katikati, na ilionekana. Mara ya kwanza tulipoitumia, ile printa ya sindano ililia weee, karatasi ikatoka, na Mwalimu akaibandika ukutani. Watu wakasoma, wakaanza kucheka. Bwana Mutuma alikuwa amepangiwa kucheza na Bwana Mutuma.

Nilitamani sakafu inimeze. Mwalimu aliiondoa karatasi taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni. “Angalau tuna hakika atashinda,” akasema, kisha akaniinamia sikioni: “Rekebisha, mwari. Hakuna aliyekufa.” Mwari ni binti. Aliniita hivyo tangu siku ile, na kwa sauti ile niliweza kurekebisha chochote.

Programu ya pili ilikuwa ya kuamua neno. Mchezaji akitilia shaka neno la mwenzake, wote wawili husimama, huenda kwenye kompyuta, mmoja huandika neno na mwingine huhakikisha tahajia, kisha skrini huwa ya kijani au nyekundu. Hakuna anayebishana na rangi. Lakini Kiswahili kilitutoa jasho. Lugha nyingine unaandika orodha ya maneno, unafunga. Kwetu kitenzi kimoja huzaa kama sungura: lima, limia, limisha, limika, limiana, na bado hujamtia mtendaji wala wakati. Tulibishana mwaka mzima juu ya chai. Mwishowe tukakubaliana kwamba mzizi na minyambuliko yake itaruhusiwa, ila “analima” na “watalima” zikae nje, la sivyo kila ubao ungejaa watu wanaolima.

Nikaiambia mashine ichukue kila neno linaloanza na “ku”, ikate “ku”, ihifadhi kilichobaki kama kitenzi. Sikuiambia kwamba kuku si kitenzi. Kuku akakatwa kichwa akabaki “ku”. Kuta zikabaki “ta”. Katika mashindano yaliyofuata skrini ikawa ya kijani kwa maneno ambayo hayajawahi kutoka kinywani mwa binadamu.

Aliyeniletea habari alikuwa mchezaji mmoja wa Kangeta, Kimathi, mfanyabiashara wa miraa, mtu wa sauti kubwa na vidole vyepesi kutokana na kufunga vifurushi. Alikuja mbele ya watu wote baada ya kushinda.

“Madam, hii mashine yako imenipa alama za bure. Nimeweka ‘ta’. Hakuna kitu kama ‘ta’. Zitoe.”

“Ukitolewa hizo alama umeshindwa, Kimathi.”

“Si nimeshindwa, basi? Andika.”

Nikaandika. Nawasimulia hili ili mumjue Kimathi kabla sijafika mbele, kwa sababu mtu asiyemjua anaweza kudhani alikuwa na chuki.

Mambo mengi mnayofanya leo bila kujua yalitoka kwa Mwalimu Nyaga. Yeye ndiye aliyenifunza kwamba mtangazaji wa matokeo hatabasamu wala hakunji uso, kwa kuwa katika ukumbi kuna anayelia. Yeye ndiye aliyesema skrini isiseme ni neno gani lililokosewa kama yametiliwa shaka mawili. Iseme tu kwamba mchezo ule haukubaliki, mchezaji atafute mwenyewe. Na simu zilipoanza kuingia mifukoni mwa watu, ni yeye aliyeandika kanuni: simu zote kwenye boksi mlangoni, atakayekutwa na simu mchezo ukiendelea anatolewa kwa msimu mzima, na jina lake linatangazwa.

“Ni kali, Mwalimu,” nilimwambia.

“Kanuni laini ni ya marafiki,” akajibu.

Nikaitia katika programu. Mchezaji akiondolewa, mashine huuliza sababu, nawe huchagua moja kati ya tatu: amejiondoa, mgonjwa, udanganyifu. Mmeziona. Nilizipanga mwenyewe mchana mmoja wa mvua huku nikila mahindi ya kuchoma, bila kufikiri sana.

Baadaye nikawatengenezea wachezaji programu ya simu. Ukurasa mmoja ni wa mazoezi: herufi zinachanganywa, unatafuta neno. Ukurasa wa pili, wa kutazamwa kati ya raundi kabla simu hazijarudi kwenye boksi, unaonyesha jina lako, meza yako na unayecheza naye, ili watu waache kusukumana mbele ya karatasi ya ukutani. Niliona huo wa pili ni kitu kidogo tu. Mwalimu aliusifu kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Nilidhani ananipa moyo.

Alikuwa amestaafu wakati huo. Aliniachia uendeshaji akawa mchezaji wa kawaida, ingawa hakuwa wa kawaida, maana alishinda karibu kila alipokaa. Lakini alianza kufika mapema mno, kabla ya walinzi kufungua ukumbi. Aliuliza jambo, ukamjibu, akaliuliza tena kwa maneno mazuri zaidi. Siku moja aliniita kwa jina la dada yake. Nilicheka, naye akacheka, tukaendelea. Mtu mzima huruhusiwa kuchoka.

Kisha yakaja mashindano ya Embu mjini, katika ukumbi wa shule. Tulikuwa katikati ya raundi Kimathi aliponijia kwenye meza ya kompyuta. Mara hii sauti yake ilikuwa chini, na hapo ndipo nilipoogopa.

“Madam, sitaki kusema hili. Mwalimu ametoka tena kwenda msalani. Ametoka na simu. Nimeiona mfukoni, inawaka.”

“Una hakika?”

“Mimi ndiye nacheza naye. Ningependa kuwa nimekosea.”

Nilitoka. Nyuma ya vyoo palikuwa na tangi la maji, na kando ya tangi Mwalimu Nyaga alikuwa amesimama ameshika simu kwa mikono miwili, karibu na macho. Hakunisikia. Nilisogea hadi nikaiona skrini. Nilitarajia ukurasa wa mazoezi, herufi zake saba na maneno yanayotoka ndani yake. Hakuwa huko. Alikuwa kwenye ule ukurasa mdogo wenye jina lake na nambari ya meza.

“Mwalimu, unatafuta neno gani?”

Alishtuka, kisha akatulia. “Sitafuti neno. Natafuta meza.”

Sikuelewa. Akanielezea polepole, kama alivyokuwa akieleza ngeli darasani. Kwamba akikaa mbele ya ubao yuko sawa. Lakini akitoka nje na kurudi, anaona ukumbi mzima wa vichwa, hajui kipi ni cha nani wala kiti kipi ni chake. Mara mbili alikuwa amekaa kwenye meza ya mtu mwingine, watu wakadhani anatania. Tangu nilipomtengenezea ule ukurasa ndipo aliweza kurudi.

“Maneno bado yapo, mwari,” akasema. “Ni watu wanaoondoka.”

“Umemwona daktari?”

“Nimwone nimwambie nini? Anipe dawa ya uzee?”

“Nitaongea na kamati ya ligi. Nitawaambia wewe ni mgonjwa. Kuna nafasi yake kwenye programu, hakuna atakaye…”

Alinishika mkono juu ya kiwiko. Hakuwa amewahi kunishika. “Usithubutu. Ukisema nimesahau, kuanzia kesho mimi ni mtoto. Watanisemesha kwa sauti kubwa. Watanikatia nyama. Wanafunzi wangu niliowachapa watanishika mkono kuvuka barabara. Mwizi, Karimi, huogopwa. Niache niwe mwizi.”

“Mwalimu, hapana.”

“Kanuni inasema simu. Haisemi ukurasa. Niliiandika mimi.”

“Na Mama Njeru? Naye adhani hivyo?” Mama Njeru ni mkewe, mkulima wa chai, kiongozi wa kwaya ya akina mama kanisani kwao. Nilikuwa nimekula kwake mara nyingi.

“Yeye zaidi ya wote. Niahidi.”

Kutoka ukumbini tulisikia viti vikiburutwa, raundi inaisha. Nilikuwa na muda wa kukataa. Nawaambia ninyi kwa sababu mtakuja kusimama mahali kama pale: muda upo sikuzote, hata ukiwa mfupi. Nikasema, “Nimekuahidi, Mwalimu.”

Nilirudi naye ukumbini, nikafungua jina lake kwenye kompyuta. Mashine ikauliza sababu. Kidole kilipita juu ya “mgonjwa”, kikashuka. Kisha nikasimama nikashika kipaza sauti, bila kutabasamu wala kukunja uso, nikasema Mwalimu Nyaga amekutwa na simu nje ya ukumbi mchezo ukiendelea, ameondolewa kwa udanganyifu.

Hakuna aliyezomea. Ingekuwa rahisi kama wangezomea. Watu walitazama vigae vyao. Kijana mmoja wa Mbeere, aliyefundishwa na Mwalimu tangu kidato cha kwanza, alianza kukusanya herufi zake kwenye mfuko ingawa mchezo wake haukuwa umeisha. Mwalimu alichukua kofia yake, akaivaa, akatoka. Alipitia mlango usiofaa, ule wa kwenda stoo, akarudi, akapita katikati yetu tena. Mtu fulani nyuma akasema, “Aibu imempofusha.” Mimi peke yangu nilijua alikuwa amepotea, nami nilikaa kimya nimeshika kipaza sauti.

Habari ilipanda mlima hadi Kianjokoma kabla yake. Haikupita wiki mbili, Mama Njeru akafika kituoni Meru. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani na kubeba kikapu chenye ndizi na magimbi, maana hata akija kuuliza jambo kama lile hakuweza kuja mikono mitupu. Nilimpa kiti. Alikataa chai.

“Karimi, wewe umekula kwangu. Sitaki kusikia kwa akina mama wa kwaya. Niambie wewe. Mzee wangu ni mwizi?”

Mngeniona wakati ule mngeona mtu anayepanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Nilikuwa na ahadi mdomoni, na ahadi ni kitu chenye uzito, ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilikwisha kutangaza, na niliogopa kuonekana mwongo.

“Ndiyo, Mama,” nikasema. “Alikutwa na simu.”

“Basi.” Akainuka. Aliacha ndizi na magimbi juu ya meza. Zile ndizi ziliiva, zikapita kuiva, na sikuweza kuzila wala kumpa mtu.

Msimu ule uliisha, mwingine ukaanza. Nilifanya kazi vizuri, kama mtu anayefagia sana nyumba ambayo ndani yake kuna kitu hataki kukitazama. Niliongeza saa ya mchezo kwenye kompyuta. Nilisafisha orodha ya maneno hadi hata walimu wa Kiswahili wakakosa la kulaumu. Jina la Mwalimu lilipotajwa mashindanoni lilitajwa kama mfano: vijana waliambiwa wasiwe kama yeye. Nilisikia hayo nikiwa nimekaa hatua chache tu, nikiwa nimeinamia kibodi. Adhabu yake ilikwisha, hakurudi, na watu wakasema ni haki yake kuona haya.

Nilikwenda Kianjokoma mara moja tu, nikaishia sokoni. Nilinunua kabichi ambayo hata Kaaga tunalima, nikarudi nayo.

Kisha Mama Njeru akaja tena. Hakuwa amevaa nguo ya kanisani. Alikuwa na gambuti za shambani miguuni, zenye udongo mwekundu, na hakuwa na kikapu.

“Alipotea,” akasema kabla hajakaa. “Alitoka asubuhi akisema anaenda shuleni. Shule gani, na amestaafu? Wachuma chai walimkuta juu karibu na msitu, amekaa kwenye mvua, kiatu kimoja. Tumetoka hospitali. Daktari anasema hii kitu ilianza zamani. Si jana. Zamani.” Akanitazama. “Ulijua?”

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu Embu. Ile simu alikuwa anatafutia meza yake. Hakuiba neno lolote.”

Alikaa kwenye kile kiti cha wageni, akashika magoti yake. Hakulia wala hakupaza sauti. Ofisi ile ina ukuta wa mbao, majirani wote wangesikia, na bado ningependa angepaza.

“Mwaka mzima nimempikia bila kusema naye. Akiuliza chumvi iko wapi, ninanyamaza. Nilisema, huyu ananifanya mjinga, amenitia aibu mbele ya kwaya na sasa anajifanya hajui chumvi iko wapi. Usiku akiamka akizunguka nyumbani nilimfungia mlango wa chumba. Nilidhani ni dhamiri inamsumbua.” Akapumua. “Daktari ameuliza, mama, hukuona dalili? Nilimwambia niliona. Nilidhani ni dhambi.”

“Mama Njeru, alinifanya niahidi. Alinishika mkono.”

“Ulimwahidi mtu mgonjwa, Karimi. Mimi nilikuwa mzima. Nilikuja hapa kwa miguu yangu, nikakuuliza.”

Nilisema nisamehe, neno ambalo ubaoni halipati hata alama moja. Alilipokea kwa kutikisa kichwa kidogo, si kukubali wala kukataa.

“Uliwatangazia kwa kipaza sauti,” akasema akiinuka. “Utawaambia kwa kipaza sauti. Nami nitakuja naye akae pale mbele.”

Mashindano yaliyofuata yalikuwa hapa Kaaga, katika ukumbi wa shule, asubuhi yenye baridi ambapo watu walicheza wamevaa makoti. Hayo ni ya mwaka jana tu. Wachache kati yenu mlikuwepo mkihudumia langoni, mbali na ukumbi, lakini mliambiwa ni “marekebisho ya kumbukumbu”, maneno yangu ya woga. Mama Njeru aliingia amemshika mzee mkono. Alikuwa amemvalisha suti na kofia ileile ya sufu. Alikonda, lakini alikuwa na uso mwema, akimsalimu kila mtu kama mgeni wa heshima aliyealikwa mahali asipopajua. Walikaa mstari wa mbele. Baadhi ya watu walihamisha viti vyao.

Nilishika kipaza sauti. Kilipiga mluzi. Niliwaambia yote: tangi la maji, ukurasa wa meza, ahadi, jinsi nilivyochagua sababu kwenye mashine nikijua si kweli, na jinsi nilivyomjibu mkewe. Nilisema Mwalimu Nyaga hakudanganya katika mchezo wowote ninaoujua. Nilisema aliyedanganya ukumbini Embu nilikuwa mimi, na kwamba nimelirudisha jina lake katika orodha na matokeo yake yote.

Kisha kiti kikasukumwa nyuma, na Kimathi akasimama.

“Mwaka mzima, Madam,” akasema, na sauti yake kubwa ilikatika katikati. “Mwaka mzima dukani kwangu namwita mwizi. Nimewaambia watoto wangu. Nimewaambia wateja wa miraa wasiomjua hata. Mimi nilikuletea neno, wewe ukajua ukweli, ukaniacha niendelee kuongea?”

“Ndiyo, Kimathi.”

“Umenifanya kitu gani sasa?”

Hakuningojea. Alipita kati ya meza akaenda hadi mstari wa mbele, akachuchumaa mbele ya mzee, akamshika mikono yote miwili. “Mwalimu, ni Kimathi wa Kangeta. Nisamehe.” Mwalimu alimwambia kwa upole kwamba hakuna neno, hakuna neno kabisa, na akamuuliza kama kule kwao mvua imenyesha.

Mtu akaanza kupiga makofi, sijui nani. Yakaenea, watu wakasimama, yule kijana wa Mbeere akiwa analia waziwazi. Mama Njeru hakupiga. Alitazama mbele, mkono wake ukiwa kwenye bega la mumewe. Nilishuka nikaenda kwao, kwa sababu nilijua nisipoenda wakati ule sitaenda tena.

Mwalimu Nyaga naye alikuwa anapiga makofi, kwa bidii, kama wote. Aliponiona karibu aliniinamia, kama mtu anayeuliza jambo kwa jirani kanisani.

“Huyo wanayemrudishia jina,” akasema, “ni nani?”

Nilimtazama Mama Njeru. Hakunisaidia.

“Ni mwalimu wangu,” nikasema.

“Ah.” Akaendelea kupiga makofi kidogo, kisha akatulia akifikiri. “Na yeye yuko? Amesikia?”

“Yuko, Mwalimu.”

“Basi vizuri,” akasema. “Ni vibaya mtu kusafishwa jina akiwa hayupo.”